Geti, tangazo na macho ya baunsa: kisa cha Fundi wa Nyakato

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo za umeme hapa Mwanza, kuanzia Mabatini mpaka Buzuruga: Jumamosi, akina dada bure hadi saa tano usiku, akina kaka elfu kumi. Pembeni kulikuwa na picha ya msichana mwenye wigi refu, glasi mkononi, meno yote nje. Naanza na tangazo kwa sababu wengi wanaosimulia kisa hiki huanza na baunsa, na kwa maoni yangu wanaruka sehemu yenyewe.

Saa tatu na nusu usiku, foleni ikiwa bado fupi, walishuka watu wanne kwenye bajaji moja: mtu ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, mabinti wawili wa mama yake mdogo, na kaka yao. Mmoja wa mabinti alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Fundi ana kibanda cha kutengeneza pikipiki Nyakato. Nywele anazikata fupi kabisa kwa sababu, anavyosema mwenyewe, nywele ndefu na mnyororo wa pikipiki havipatani. Mabega yake ni ya mtu anayeinua injini kila siku. Sauti ni nzito tangu utotoni, na hilo nalijua kwa kuwa tulikulia nyumba moja ya kupanga kule Igoma, milango yetu ikitazamana. Usiku ule alivaa jinzi, raba nyeupe alizozisugua kwa dawa ya meno, na shati la mikono mifupi lililonyooshwa pasi mpaka mistari ikasimama. Fundi ni mwanamke. Yeye mwenyewe hana shaka na hilo hata chembe.

Mabinti walinyoosha mikono, wakagongwa mhuri wa kijani, wakapita. Kaka yao akaelekea dirishani kulipa. Fundi naye akanyoosha mkono.

"Kaka, dirishani. Elfu kumi."

"Mimi ni dada."

Baunsa alicheka, kicheko cha mtu aliyetaniwa vizuri. Alipoona Fundi hacheki, akanyamaza. Fundi akatoa kitambulisho cha NIDA. Jamaa akakimulika kwa tochi ya simu. Picha ilipigwa miaka kadhaa nyuma, Fundi kasukwa twende kilioni na mdomo kaufumba kama wote tunavyoufumba mbele ya kamera ya serikali. Baunsa akaitazama picha, akamtazama Fundi, akairudia picha. "Hiki cha dada yako," akasema, akamwita mwenzake.

Mwenzake hakutaka kusoma chochote. "Si tumpime tu," akasema, na mkono wake ukaenda kifuani kwa Fundi.

Fundi aliupiga ule mkono chini. Hapo ndipo simu zilipotoka mifukoni, na foleni, ambayo dakika tano nyuma ilikuwa fupi, ikawa nyomi. Mtu nyuma akapaza sauti: "Jike dume!" Wengine wakatupa maneno mabaya zaidi, yale ambayo mjini hapa yakishamkaa mtu hayatoki kwa sabuni. Binti wa sikukuu alirudi nje mbio, akatoa noti ya elfu kumi kwenye pochi, "Kaka, chukua, mwache dada yetu." Fundi akamshika mkono akaushusha. Meneja akatoka. Nitampa haki yake: alikuja na adabu, alimsogeza kando yule wa mkono mrefu, akamwomba Fundi radhi mbele ya watu. Kisha akasema sentensi ambayo ndiyo iliyonifanya niandike yote haya.

"Dada, nimekuelewa. Lakini hii ofa ni ya warembo."

Wakaondoka wote wanne. Walikula kitimoto Kirumba wakarudi nyumbani kabla ya saa sita.

Sasa niseme nilikopatia ujasiri wa kuchambua mambo ya geti. Nilikata tiketi miaka miwili katika ukumbi mwingine, upande wa ziwani, na siku hizi nawaandikia hesabu wenye baa kadhaa. Dirishani tulikuwa na vitabu viwili: vya pinki kwa ajili ya wadada, havina bei, na vya buluu kwa ajili ya wanaume. Bosi alikuwa akipiga simu saa nne kamili. Kwa miaka yote miwili hakuwahi kuniuliza "watu wangapi ndani?" Swali lake lilikuwa moja: "Pinki ngapi?" Pinki zikiwa chache, aliagiza tusogeze muda wa bure mpaka saa sita. Zikijaa, bei ya buluu inapanda palepale, na mwanaume aliyekuwa akisitasita nje anaambiwa imeshakuwa elfu kumi na tano.

Ndiyo biashara ilivyo. Mwanaume hufika, huchungulia mlangoni, huhesabu kwa macho. Akiona meza za wanaume watupu anageuza bodaboda. Akiona wadada wanacheza anaingia, anaagiza ndoo ya bia, anaagiza ya pili ili wa meza ya jirani wamwone. Elfu kumi ya kiingilio ni utangulizi tu. Faida iko kaunta. Kwa hiyo tiketi ya pinki, ingawa haina bei, ni gharama ya tangazo. Mwenye ukumbi anamlipa mdada kwa kiingilio ili naye awe sehemu ya pambo la ukumbi.

Wasukuma tunaijua hesabu ya kuvuta watu tangu kabla ya umeme kufika. Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, walipokuwa wakishindana wakati wa bulabo, msimu wa mashindano ya ngoma, mshindi alikuwa yule aliyeuvuta umati ukahamia upande wake, na watu walitumia dawa, nyoka, fisi, chochote, ili kichwa cha mtazamaji kigeuke. Lakini pale mchezaji ndiye aliyekuwa kivutio. Mtazamaji alibaki mtazamaji, awe bibi kizee au mchunga ng'ombe. Kwenye kumbi zetu mteja wa kike kageuzwa mchezaji bila kuambiwa.

Ukishaliona hilo, kilichotokea getini kinaeleweka vizuri kuliko ukikiita ujinga wa baunsa. Kitambulisho hakikumsaidia Fundi kwa sababu swali la geti halikuwa lile ambalo kitambulisho hujibu. Karatasi inasema huyu ni mwanamke. Geti linauliza: akiingia, mwanaume wa elfu kumi atafurahi kumwona? Baunsa hana maneno ya kuuliza hivyo, basi anauliza jinsi ya mtu, na anajijibu mwenyewe kwa kutazama nywele, kiuno na viatu.

Na hapa lazima nijitaje. Jumamosi moja walifika akina mama wanne kutoka Mwaloni, wauza dagaa, wamefunga mahesabu ya wiki wakataka kucheza. Vitenge, ndala safi, mmoja ana umri wa mama yangu. Niliwaamkia shikamoo vizuri kabisa. Kisha nikawaambia tiketi za bure zimekwisha. Kitabu cha pinki kilikuwa mbele yangu, nusu yake haijachanwa, nikakifunika kwa kiwiko. Mmoja wao alikiona. Hakusema kitu, aliwageukia wenzake kwa Kisukuma, wakaondoka wanacheka, na hadi leo sijui walikuwa wanamcheka nani. Hakuna aliyetilia shaka kama wale ni wanawake. Waligongana na tangazo lilelile lililomgonga Fundi.

Kwa hiyo naona wanakosea wanaosema kisa hiki ni cha "watu wa ajabu" wachache. Kanuni ya dada-bure ina makali pande nyingi. Inamkata mnene, inamkata mzee, inamkata aliyejifunika, inamkata asiyejipodoa. Inawakata na wanaume pia, ambao wanalipa elfu kumi kuingia mahali ambapo wamepangiwa kuvuliwa kama sangara. Fundi alikuwa mahali makali yanapoonekana waziwazi, basi.

Kuna jambo la lugha linanichekesha kila nikilifikiria. Kiswahili hakijali. Ukisema "amefika," "anacheza," "mwache apite," hujasema kama ni mume au mke, na hakuna anayekwama. Unaweza kumsimulia mtu mwaka mzima bila kuitaja jinsi yake. Ni pale tunapotaka kuonyesha heshima ndipo tunapobanwa: kaka au dada, baba au mama, na lazima uchague sekunde ileile. Baunsa alichagua "kaka" kwa adabu, si kwa dharau. Angesema "karibu, tiketi yako?" kisa kingekuwa kifupi sana.

Yeye naye nimwonee huruma kidogo. Analipwa kwa usiku, na asubuhi vitabu visipolingana na vichwa anakatwa. Akimwingiza mwanaume kwa mhuri wa kijani, elfu kumi inatoka kwake. Hofu yake ni kutapeliwa. Ila hiyo hofu ina msingi gani? Miaka miwili dirishani nimeona watu waliopanda ukuta, waliojifanya wapiga picha, waliojifanya ndugu wa diwani, na mmoja aliyeingia na kreti ya soda begani akijifanya mpakuzi. Sijaona hata mmoja aliyevaa gauni ili aokoe elfu kumi.

Sheria je? Watu waliponiona nafuatilia waliniambia fasta: Katiba inakataza ubaguzi. Ni kweli, ila tusome vizuri. Ibara ya 13 inataja jinsia miongoni mwa misingi ya kubagua, neno lililoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2000. Lakini marufuku ya ibara ndogo ya 4 inamlenga mtu au mamlaka anayetekeleza madaraka chini ya sheria au shughuli za Mamlaka ya Nchi. Meneja wa ukumbi si mkuu wa wilaya. Atasema leseni ya vileo haimfanyi kuwa serikali, na hatakuwa wa kwanza duniani kusema hivyo: mwaka 2010 mahakama ya rufaa huko New York ilimkatalia wakili mmoja aliyeshtaki klabu kwa kuwatoza wanawake pungufu, kwa sababu hiyohiyo kwamba klabu si dola.

California ni hadithi tofauti, kwa kuwa kule wana sheria ya mwaka 1959 inayozibana biashara zenyewe. Mwaka 1985 mwanaume aitwaye Dennis Koire alishinda katika mahakama ya juu ya jimbo. Alikuwa amenyimwa punguzo la siku ya wanawake kwenye sehemu za kuosha magari na nafuu ya kuingia klabu. Wenye biashara walijitetea kwamba ofa inaleta wateja. Mahakama ikasema faida peke yake haihalalishi kumpangia mtu bei kwa jinsi yake. Uingereza nako, chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, kutoza bei mbili mlangoni kwa mwanaume na mwanamke ni kinyume cha sheria. Nayataja haya kwa sababu kuna mtu aliniambia "dada bure ni utamaduni wa starehe duniani kote." Kuna sehemu utamaduni huo umeshapelekwa mahakamani ukashindwa.

Kwa hapa kwetu, njia iliyo karibu zaidi naiona Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kifungu cha 15 kinamkataza mfanyabiashara kufanya jambo la kupotosha au kuhadaa. Umeandika kwenye nguzo "akina dada bure hadi saa tano." Dada kafika saa tatu na nusu, ana kitambulisho, unamdai elfu kumi. Huhitaji falsafa yoyote ya jinsia kuona kwamba tangazo limedanganya. Na ule mkono wa kifuani una mlango wake kabisa: Kanuni ya Adhabu inalijua shambulio la aibu, na baunsa hana mamlaka ya kumpapasa mtu ili kuhakikisha chochote. Hata polisi, mwenye mamlaka ya kupekua, hamgusi mwanamke; anaitwa askari wa kike.

Lakini Fundi hakwenda polisi. Nilimuuliza mara moja tu. Alikuwa anafungua karburetta, hakuinua kichwa. "Nikaandikishe nini, kaka? Wakimaliza kumuuliza yeye wataniuliza mimi." Alikuwa sahihi kuogopa. Maneno yaliyotupwa kwenye foleni yanagusa mambo ambayo sheria yetu ina adhabu nzito juu yake, na mtu anayekwenda kulalamika kwamba amedhalilishwa anaweza kujikuta yeye ndiye anachunguzwa: unaishi na nani, mbona huna mume, mbona unavaa hivi. Video ilikuwa imeshafika kwenye magrupu mawili ya WhatsApp ya bodaboda. Kwa wiki nzima kuna wateja waliopeleka pikipiki kwingine, na kuna waliokuja kutazama tu, hawana hata tairi bovu.

Na huyu ni mtu ambaye karatasi zake, moyo wake na historia yake vinasema kitu kimoja. Nani anamfikiria yule ambaye havisemi kimoja? Wapo, hata ziwa hili lina watu wa namna zote. Yupo huntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyoingia vizuri kwenye kisanduku chochote cha fomu. Yupo anayejijua ni mwanamke huku cheti kikisema mwanaume. Ng'ambo, Kenya, sensa ya 2019 iliwahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsi. Sisi hatuna sheria inayompa mtu njia hiyo. Kwa hiyo wanaosema "suluhisho ni baunsa aangalie kitambulisho" wanamtatulia Fundi tu, na hata yeye, mmeona, kitambulisho alikuwa nacho mkononi.

Wanaotetea ofa wana hoja moja nzito, na siipuuzi. Binti wa chuo kule Malimbe hana elfu kumi ya kuchezea. Bila tiketi ya pinki hatoki, na akitoka bila hela yoyote anategemea mwanaume wa kumlipia, jambo ambalo ni baya zaidi. Binti wa sikukuu aliniambia hivyohivyo, tena kwa ukali: "Kaka, msituharibie." Namwelewa. Ila nikamuuliza nauli ya kurudi usiku ule alikuwa nayo shilingi ngapi. Elfu moja. Bajaji ya saa nane usiku haiendi kwa elfu moja. Bure ya kuingia haina bure ya kutoka, na wenye ukumbi wanalijua hilo.

Kitu kingine kinanirudisha nyuma zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza rasmi Januari 1969: marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe kufika, Dar es Salaam wasichana walivamiwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Bibi yake Fundi aliwahi kutusimulia, tukiwa watoto, habari za kukimbizwa kwa gauni lililoishia magotini. Mjukuu wake kafukuzwa getini kwa kukosa hilohilo gauni na hilohilo wigi. Miaka hamsini na ushee katikati, na bado kuna mwanaume amesimama njiani na rula.

Jumanne mchana Fundi alikwenda ukumbini na mama yake mdogo. Niliombwa niwasindikize kwa kuwa najua kusema na watu wa hesabu. Ukumbi mchana ni mahali pa huzuni: viti vimepinduliwa juu ya meza, harufu ya dawa ya kudekia imepambana na harufu ya bia ya juzi ikashindwa. Meneja alimwamkia mama mdogo shikamoo, akamvutia kiti. Mama mdogo hakukaa. "Mwadila, baba," alisema, kisha akaendelea kwa Kiswahili, taratibu: "Huyu nimemlea mimi. Nimemwogesha mimi. Mngeniuliza mimi."

Meneja aliinamisha kichwa. Yule wa mkono, akasema, ameshahamishwa maegesho ya magari. Aliomba radhi tena, na nina hakika haikuwa ya kuigiza. Nikamweleza habari ya tangazo, kifungu cha 15, na kwamba akibadilisha iwe "wote bure kabla ya saa nne" atajaza ukumbi mapema na hatahitaji macho ya mtu yeyote getini. Nilimwandikia hadi hesabu kwenye karatasi, pinki na buluu zote. Aliisoma. Aliikunja akaitia mfukoni. Akasema atalifikisha kwa bosi.

Wiki iliyofuata nguzo za Mabatini zilikuwa na matangazo mapya. Picha ileile, wigi lilelile, elfu kumi ileile. Walikuwa wamebadilisha maneno mawili tu: pale palipoandikwa "akina dada," sasa pameandikwa "warembo."

Nilimpelekea Fundi picha ya tangazo hilo kwenye simu. Aliitazama huku ameshika spana namba kumi na saba, akaifuta skrini yangu iliyoingia grisi ya kidole chake, akanirudishia. Akauliza kama nimekumbuka plagi ya ile Boxer ya mteja wa Igogo, maana jamaa amepiga simu mara tatu tangu asubuhi.